Majirani wa Zamu: Safari Katika Bustani za Hosta

Ukizuru bustani yoyote ya kusini mwa Uingereza katikati ya Februari na kuuliza hosta ziko wapi, utaoneshwa udongo mtupu. Pengine kuna kibao cha jina kilichochomekwa ardhini, pengine mabaki ya majani yaliyonyauka kwa jalidi ya Novemba, basi. Mmea ambao Julai ulitanda mita nzima, majani yake mapana kama sinia, umejificha wote chini na hautachungulia mpaka Aprili. Hoja ya makala hii inaanzia kwenye udongo huo. Watunza bustani wa Ulaya na Marekani wanapenda sana kujadili mimea ipi ipandwe pamoja na hosta, na majibu yao karibu yote yanahusu Julai: jani jembamba kando ya jani pana, zambarau kando ya buluu, ua la waridi juu ya kijani. Mimi nadai kwamba wameanzia mwishoni. Mwenzi wa hosta huchaguliwa kwanza kwa maji, halafu kwa kalenda. Rangi huja nyuma, na mara nyingi hujipanga yenyewe hayo mawili yakishakaa sawa. Ushahidi nimeufuata Uholanzi, ambako mmea huu uliletwa ukiwa hai kutoka Japani na kupata wateja, Uingereza ambako ulipewa heshima, Japani ambako ni kwao, na Marekani ambako leo umepandwa mbele ya nyumba nyingi kuliko mahali pengine popote.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona: hosta haina shina la kusimama. Majani huchomoza moja kwa moja kutoka kwenye kisiki kilicho chini ya udongo na kujipanga duara, mengine ya kijani kilichoiva, mengine ya manjano, mengine ya buluu ya kijivu, mengine yenye kingo nyeupe. Asili yake ni Japani, Korea, China na ukingo wa mashariki wa Urusi. Wataalamu wa mimea wanaiweka katika ukoo mmoja na agave, kwa hiyo ni binamu wa mkonge, ule ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche 1,000, ikafika hai 62 tu na kuzaa mashamba yote ya Tanga tunayoyajua. Binamu hawa tabia zao hazifanani hata kidogo. Mkonge unavumilia jua la Korogwe. Hosta ikikosa maji kiangazi majani yake huungua kingo, na bila majira ya baridi ya kweli, wiki nyingi za kulala ardhini, hudhoofika mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana huikuti Dar es Salaam wala Mombasa, na sitamshauri mtu aipande huko.

Leiden, Uholanzi, nitapita haraka. Bustani ya mimea ya chuo kikuu cha mji huo ilianzishwa mwaka 1590, na ndani yake kuna kona ya kumbukumbu ya Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani aliyetumikia kituo cha Waholanzi cha Dejima, Nagasaki. Siebold alifukuzwa Japani mwaka 1829 kwa kosa la kumiliki ramani zilizokatazwa, akarudi na shehena ya mimea hai, hosta zikiwemo. Aina moja kubwa, Hosta sieboldiana, bado inabeba jina lake. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mmea ulifika bila majirani wake. Uliingia vitaluni kama bidhaa, chungu kimoja kimoja, na kwa zaidi ya karne moja Wazungu waliutumia kama pambo la kingo za njia, kila mtu akiupa majirani anaowapenda yeye.

Baada ya vita vya pili vya dunia ulipata marafiki wapya: wapangaji maua. Vilabu vya kupanga maua vilienea Uingereza miaka ya 1950, na jani la hosta, pana na la kudumu kwenye maji, likawa kipenzi chao. Nadhani tabia ya kuchagua wenzi wa hosta kwa macho peke yake imetoka huko. Katika chombo cha maua kila kitu kimekatwa asubuhi moja, kinakunywa maji mamoja, na baada ya wiki kinatupwa. Hapo tofauti ya umbo na rangi ndiyo kila kitu, na ni halali. Orodha zinazopendwa leo zimerithi jicho hilo: astilbe kwa maua yake ya manyoya, heukera kwa majani ya zambarau, makangaga kwa majani yaliyochanika vidogo vidogo, hakonekloa kwa nyasi zake za manjano zinazoinama upande mmoja. Yote ni mimea mizuri. Lakini orodha haikuambii upi kati ya hiyo utakuwa hai mwaka wa tatu.

Mtu aliyeliona tatizo hili mapema alitoka humo humo katika vilabu vya maua. Beth Chatto alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa klabu ya maua ya Colchester, na mwaka 1960 yeye na mumewe Andrew walianza kutengeneza bustani huko Elmstead Market, Essex, kwenye kipande cha shamba la matunda ambacho hakikufaa kwa matunda. Andrew alikuwa ametumia miaka mingi kusoma mimea ya bustani inatoka wapi porini na huishi vipi huko. Mke alikuwa na jicho la mpangaji, mume alikuwa na swali la mtafiti, na bustani iliyozaliwa ni hoja iliyoandikwa ardhini. Essex ni mojawapo ya sehemu kavu kabisa za Uingereza; mvua yake haizidi sana milimita 500 kwa mwaka, yaani haitofautiani sana na ya Dodoma, ingawa ile ya Essex hudondoka kidogo kidogo mwaka mzima na jua lake ni la upole. Bustani ya kokoto, iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 mahali palipokuwa maegesho ya magari, haimwagiliwi. Hatua chache kutoka hapo, bondeni, kuna mtaro wa chemchemi uliozuiwa na kuwa mabwawa. Hosta huzikuti kwenye kokoto. Ziko bondeni, na kwenye njia ndefu yenye kivuli cha mialoni, pamoja na makangaga na mimea mingine ya msituni inayopenda udongo wenye mboji.

Bustani hii haijagawanywa kwa rangi, na hapo ndipo nguvu ya mfano wake ilipo. Imegawanywa kwa unyevu. Chatto aliandika kitabu cha bustani kavu mwaka 1978 na cha bustani yenye unyevu mwaka 1982, kana kwamba ni nchi mbili zenye mpaka. Msafiri anayeshuka kutoka kokoto kwenda bwawani anavuka mpaka huo kwa dakika moja, na kila mmea anaoupita umewekwa kwa kuwa majirani zake wanahitaji kile unachohitaji wenyewe. Uzuri umo, tena mwingi mno; aliwahi kushinda medali kumi za dhahabu kwenye maonyesho ya Chelsea. Lakini uzuri ulipangwa ndani ya mipaka ya maji.

Sasa rudi kwenye zile orodha ukiwa na kipimo hicho mkononi. Astilbe, mwenzi anayetajwa kuliko wote, anataka udongo usiokauka kabisa. Hosta yenye mizizi minene inaweza kupita wiki mbili za ukame chini ya mti ikajikunyata na kupona mvua ikirudi. Astilbe iliyo kando yake itakuwa imegeuka kahawia kuanzia kingo hadi katikati, na maua yake yamekauka kama nyasi za Septemba. Kwa hiyo wawili hawa ni majirani wema kando ya bwawa, na ni majirani wabaya chini ya mti. Heukera ina shida iliyo kinyume: asili yake Marekani ya Kaskazini, nyingi hukua penye miteremko na miamba, na kisiki chake huinuka juu ya udongo mwaka hadi mwaka, kikaoza kama maji yamesimama wakati wa baridi. Mahali panapoifurahisha hosta pakapindukia kidogo tu, heukera inakufa. Wanaostahimili hali zote mbili kwa kiasi ni makangaga ya kawaida ya misitu ya Ulaya, Dryopteris filix-mas na Polystichum setiferum, ambayo hayana ua hata moja na mara nyingi huwekwa mwishoni mwa orodha kama vijazio. Mimi ningeyaweka juu.

Miti nayo ni majirani, tena wenye nguvu kuliko wote, na hapa orodha hukosea kwa kunyamaza. Kivuli cha mepo na kivuli cha mwaloni hufanana machoni. Mizizi haifanani. Mepo hutandaza mizizi myembamba karibu kabisa na uso wa udongo, hivyo kila ndoo ya maji unayomwaga kwenye hosta hunywewa na mti kwanza. Mwaloni hupeleka mizizi yake mikubwa chini zaidi na huwaacha wadogo wapumue. Mtu aliyepanda hosta chini ya mepo akaona zinadumaa kila mwaka hulaumu kivuli au mbolea, akaenda kununua aina nyingine. Chanzo kiko sentimita kumi chini ya miguu yake.

Maji yakishakaa sawa, inakuja kalenda, na kwenye kalenda ndipo hosta inapotofautiana na mimea mingi ya kudumu. Inachelewa kuamka. Kusini mwa Uingereza machipukizi hutokeza Aprili, yamesokotwa kwa nguvu na kuchongoka kama misumari, mengine yana magamba ya zambarau chini, na kwa siku nyingi hayaoneshi dalili ya kufunguka. Yakianza kufunguka huenda haraka. Mwishoni mwa Mei ardhi haionekani tena. Wakati huo huo juu ya vichwa vyao miti inayopukutisha majani inamaliza kuvaa majani mapya. Hili ni jambo la hesabu ya mwanga: kuanzia Januari hadi Aprili jua linafika ardhini chini ya miti hiyo bila kizuizi, na hosta hailitumii hata chembe. Ni miezi minne ya mwanga usio na mwenyewe.

Mimea ya matunguu imeumbwa kwa pengo hilo. Galanthi, ua dogo jeupe linaloinamisha kichwa, huchomoza Januari penye theluji na kumaliza kuchanua Machi. Kinachofuata watu wengi hawakiangalii, nacho ndicho muhimu. Majani yake membamba hubaki wiki kadhaa baada ya ua kunyauka, yakirefuka na kulala chini, yakikusanya chakula na kukishusha kwenye tunguu kwa ajili ya mwaka ujao. Ukiyakata kwa sababu hayapendezi, tunguu linabaki na njaa. Ukiyaacha, bustani ina uchafu wa manjano mwezi mzima. Hosta huutatua mgogoro huu bila kuombwa: majani ya galanthi yanapogeuka manjano mwezi Mei, ya hosta yanafunguka juu yake na kuyafunika. Tunguu linalala kiangazi chote chini ya paa hilo, kavu kiasi, mahali ambapo hakuna jembe litakalopita kwa sababu hosta imeshika nafasi. Mimea miwili inatumia kipande kimoja cha ardhi kwa zamu, na hakuna siku inapogombana kwa uzito. Dafodili ndogo nazo hufaa. Zile kubwa majani yake ni marefu mno na huchelewa kufa, yakalala juu ya machipukizi ya hosta hadi Juni, kwa hiyo ziwekwe mbali kidogo.

Kati ya zamu hizo mbili wapo wa kuziba pengo. Helebori huchanua Februari na majani yake hubaki mwaka mzima, kwa hiyo huwekwa nyuma mahali ambapo majani ya hosta hayatayafikia. Brunera hutoa maua ya buluu Aprili, halafu majani yake mapana hukua sambamba na ya hosta. Hapo nina shaka kidogo, maana mtu hupata majani mapana mawili yanayofanana yakibanana, na kwa mara moja jicho la mpangaji maua lina haki ya kupinga.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu ni hili: watu hukaa bustanini Juni hadi Septemba. Februari ni mwezi wa kupita mbio kwenda kwenye gari. Kwa nini bustani ipangwe kwa miezi ambayo hakuna anayeitazama? Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, rangi ya kiangazi yenyewe haidumu kama orodha zinavyoahidi. Chukua 'Halcyon', mojawapo ya hosta za buluu zinazopendwa sana, iliyozalishwa na Mwingereza Eric Smith. Pitisha kidole juu ya jani lake mwezi Juni: unga mwembamba wa nta hutoka, na mahali palipopitiwa panabaki kijani cha kawaida. Buluu ile si rangi ya jani. Ni koti la nta. Jua kali na matone ya mvua huliondoa taratibu, na Agosti mmea huo huo ni wa kijani. Anayechagua mwenzi wa waridi ili aoane na buluu ya Juni amefanya mpango wa wiki chache. Anayechagua galanthi au kangaga amefanya mpango wa miaka. Pili, miezi sita ya majani haipungui thamani kwa sababu miezi mingine imepata mwenyeji. Hakuna galanthi iliyowahi kuiharibu Julai ya mtu.

Pingamizi hili lina mtetezi mkubwa kuliko mimi, nikiri hivyo. Gertrude Jekyll, ambaye bustani yake ya Munstead Wood huko Surrey ilifundisha Waingereza wengi habari ya rangi, alitumia hosta kwa ajili ya majani na umbo, akizipanga na makangaga na mayungi. Lakini angalia alivyofanya: alizipanda kwenye vyungu. Mmea wa chunguni huletwa ukiwa katika ubora wake na kuondolewa ukichoka, na kila chungu humwagiliwa kivyake. Jekyll hakuipuuza kalenda wala maji. Aliyatatua kwa mikono ya wafanyakazi. Nani leo ana wafanyakazi wa bustani wa kubeba vyungu kila wiki? Kwa anayeishi ghorofani na kibaraza kimoja, hata hivyo, njia yake bado ni bora kuliko zote, na hapo orodha za rangi zinapata uhalali wake kamili.

Ushahidi ulionishawishi zaidi hauko kwenye bustani. Uko Oze, tambarare ya majimaji iliyo kwenye kimo cha takriban mita 1,400, mpakani mwa mikoa ya Gunma, Fukushima na Niigata nchini Japani. Eneo hili lilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2005 na likawa hifadhi ya taifa inayojitegemea mwaka 2007. Watu hupita juu ya njia za mbao zilizoinuliwa, maana nje ya mbao ni tope la mboji. Theluji ikiyeyuka mwishoni mwa Mei hutokea mizubasho, ua lenye kanga moja nyeupe inayosimama majini. Mwezi Julai tambarare hugeuka njano kwa nikokisuge, jamaa ya mayungi ambayo kila ua lake huishi siku moja. Kuanzia mwisho wa Julai hadi Agosti, kati ya nyasi hizo hizo, huchanua hosta ya porini yenye majani membamba na maua ya zambarau hafifu. Hakuna aliyezipanga. Zamu zimepangwa na theluji, urefu wa siku, na maji ambayo hayakauki.

Oze inasema jambo la pili ambalo wauzaji wa hosta hawalipendi sana. Tambarare ile sehemu kubwa haina mti wa kivuli. Hosta zile zinasimama kwenye jua la mchana, na hazina shida, kwa kuwa miguu iko kwenye unyevu na hewa ya mlimani ni baridi. Kwa hiyo ile kanuni iliyoandikwa kwenye kila kibao cha kitalu, kwamba hosta ni mmea wa kivuli, ni nusu ya ukweli. Kivuli ni njia ya bei nafuu ya kupunguza kiu. Mtu atasema Oze ni aina moja ya porini na haiwezi kuhukumu mamia ya aina za bustanini. Ni kweli kwamba aina za buluu na zenye weupe mwingi huungua hata zikinyweshwa. Lakini za manjano nyingi hupata rangi yake vizuri zaidi zikipigwa na jua la asubuhi, na Hosta plantaginea, ile ya China yenye maua meupe yanayonukia usiku wa Agosti, bila joto na mwanga wa kutosha haichanui ipasavyo. Anayezikusanya zote chini ya mti mmoja kwa sababu kibao kimesema kivuli amepima kitu kisicho chenyewe.

Wajapani wenyewe wana uhusiano wa karibu zaidi na mmea huu: wanaula. Kaskazini, hasa mkoa wa Yamagata, machipukizi ya hosta huitwa urui na huhesabiwa miongoni mwa mboga za milimani. Hulimwa pia ndani ya mabanda wakati wa baridi ili yatoke meupe chini na laini. Yakichemshwa kidogo huwa na mlenda hafifu ambao mla bamia hataushangaa. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza balaa la bustani za Ulaya. Kitu ambacho binadamu anakiona kitamu, koa naye hakiachi. Konokono hawa wasio na gamba hutoboa majani machanga yakiwa bado yamesokotwa, hivyo jani likifunguka tundu moja limekuwa safu ya matundu.

Ndiyo maana orodha nyingine za wenzi wa hosta hudai kwamba mmea fulani humfukuza koa. Sioni ushahidi wa kutosha. Shirika la kifalme la kilimo cha bustani la Uingereza lilijaribu mwaka 2018 vizuizi vya nyumbani, utepe wa shaba, changarawe, maganda ya mayai, magome ya msonobari na vidonge vya sufu, na halikupata tofauti ya maana. Kama ukuta wa shaba haumzuii, harufu ya jirani itamzuia vipi? Dawa ya metaldehaidi iliyokuwa ikimwagwa kila mahali imepigwa marufuku bustanini Uingereza tangu mwisho wa Machi 2022. Kilichobaki ni kuchagua hosta zenye majani mazito, kama sieboldiana na uzao wake, na kutoweka karibu nazo majirani wanaolaza majani mabichi juu ya udongo mwezi Aprili, maana hapo ndipo koa hulala mchana. Kalenda tena: mwenzi anayekufa mapema na kukauka vizuri humnyima koa kitanda.

Marekani hoja yangu inapata upinzani wake mgumu zaidi. Kwenye majimbo ya kati, Iowa, Minnesota, Wisconsin, ardhi huganda na theluji hulala juu yake miezi kadhaa. Msomaji wetu anayeishi Minneapolis, na Wakenya wa huko si wachache, atauliza: pengo gani la Februari, wakati Februari hata uzio hauonekani? Na ushahidi wa kinyume upo Dubuque, Iowa, ambako bustani ya umma inayoendeshwa na watu wa kujitolea ina maelfu ya hosta za mamia ya aina, na hosta zenyewe ndizo hoja. Watu husafiri kwenda kuziona zikiwa zenyewe kwa zenyewe, kubwa kwa ndogo, kama maktaba. Shirika la hosta la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1968, limelea mapenzi hayo. Mkusanyaji hana haja ya mwenzi.

Kuhusu Dubuque nakubali: mkusanyo ni aina nyingine ya bustani, haupimwi kwa kipimo hiki. Ila una gharama yake. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikitambua kirusi kinachoishambulia hosta, kinachoenea kwa utomvu unaobebwa na visu na mikono. Hakina tiba, mmea hung'olewa. Mahali ambapo kila kinachokatwa ni hosta, kisu kinatoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima bila kupumzika, na asiyekisafisha kati ya mmea na mmea hulipa.

Kuhusu theluji, jibu lake ni kwamba kalenda ya huko haikufutika, imebanwa. Theluji ikiondoka Aprili, kuna wiki chache tu kabla misitu haijafunga paa lake, na mimea ya asili ya misitu hiyo imejifunza kuishi ndani ya wiki hizo. Mertensia ya Virginia huchomoza na majani ya zambarau, huchanua buluu mwishoni mwa Aprili na Mei, na Julai imeshapotea bila kuacha alama juu ya ardhi. Ni galanthi ya Amerika kwa kazi, ingawa kwa ukoo hazihusiani. Trilia nazo, na tiarela, na kangaga liitwalo la Krismasi kwa sababu hubaki kijani wakati huo, ni wenyeji wa vivuli vya misitu ya Amerika. Hapa panajibiwa pia lawama inayosikika sana Marekani siku hizi, kwamba hosta ni mgeni asiyelisha wadudu wa nchi. Lawama ni ya kweli kwa kiasi kikubwa. Nyuki hufika kwenye maua, lakini viwavi wachache sana huishi kwenye majani yake. Wenzi wa zamu ndio fidia: wenyeji wa misitu hupata mwanga wao Aprili na Mei kwenye ardhi ambayo hosta ingeiacha wazi, na nyuki malkia wa mapema wanakuta chakula.

Kulungu wa Amerika, mwenye mkia mweupe, anabaki. Huyu hajali sana kalenda, na rangi haijali kabisa. Anazila hosta usiku mmoja zikabaki vijiti. Oze nako kulungu wa Japani wamevamia na kula nikokisuge, kwa hiyo si adhabu ya bustani peke yake. Uzio ndio jibu, na makangaga, ambayo kulungu hayapendi sana, huokoa sura ya bustani ukichelewa kuujenga.

Anayepanga kipande cha ardhi chini ya mwaloni huko Minnesota, basi, aanze na mertensia na kangaga la Krismasi, azipe hosta nafasi ya kufikia upana wake wa miaka mitano, si wa siku ya kununua, na aweke rangi mwisho kama atakuwa bado na nafasi. Asisahau jambo moja la kazi. Hosta ikizeeka hugawanywa, na vitabu vingi husema inaweza kugawanywa hata mwisho wa kiangazi. Kwenye bustani ya zamu hilo ni kosa, kwa sababu wakati huo mertensia imelala na mizizi yake minene haionekani. Kazi hiyo ifanywe majira ya kuchipua, machipukizi ya hosta yakiwa na urefu wa kidole na mertensia ikiwa imesimama, ili mwenye jembe aone anapokata.